Padre Aliyemeza Vifuko

Juzi katika maabara tulipotia ute wa yai ndani ya pepsini na asidi, nilimkumbuka Lazzaro Spallanzani. Padre huyu Mwitalia alizaliwa mjini Scandiano mwaka wa 1729, akaja kuwa profesa huko Pavia. Zama zake wengi walishikilia eti tumbo husaga chakula tu, kama jiwe la kusagia. Yeye alishuku. Basi akafanyaje? Alitafuna mkate, akaushonea ndani ya kifuko cha kitani, akakimeza! Mimi nisingethubutu, jameni. Hata yeye aliogopa kisije kikamkwama tumboni. Kikatoka kizima, mkate haumo. Akameza tena nyama ndani ya vineli vya mbao vyenye matundu. Nyama ikayeyuka vilevile! Kumbe kazi ni ya maji ya tumbo. Mengine aliyatia kwenye chupa pamoja na nyama, akaipasha joto kwapani.

Alifariki mwaka wa 1799. Pepsini, kimeng'enya kinachovunja protini, iligunduliwa na Theodor Schwann mwaka wa 1836. Wanga wa ule mkate, lakini, ulikwisha anza kuvunjwa mdomoni na amilesi ya mate, kabla padre hajashika sindano.