Mstari mchangani: maisha ya mwamuzi Bill Klem

Katika makanisa yetu ya mashariki, kila mchungaji, kila mzee wa kanisa na kila mama kiongozi siku moja anaketishwa katikati ya watu wawili wanaogombana. Akishaamua, mmoja anaondoka akishukuru, mwingine anaondoka akinung'unika, na jamaa yake yote inanung'unika pamoja naye. Kwa sababu hiyo leo tuangalie maisha ya mtu aliyefanya kazi ya kuamua miaka 37 mbele ya maelfu ya watu wenye hasira. Hakuwa mhubiri. Alikuwa mwamuzi wa mchezo, yule ambaye vijana wetu wanamwita arbitri. Jina lake Bill Klem, wa Marekani.

Klem alizaliwa tarehe 22 Februari 1874 katika mji wa Rochester, jimbo la New York. Alipokuwa kijana alitamani kuwa mchezaji wa beisboli, lakini ndoto hiyo haikufika mbali. Akafanya kazi za mikono, hata ya kujenga madaraja. Mwaka 1902 akaanza kuchezesha katika ligi ndogo, na mwaka 1905 akaingia National League, moja ya ligi mbili kubwa za nchi ile.

Mchezo huu haujulikani sana kwetu. Mtu mmoja anatupa mpira mdogo mgumu, na wa timu ya pili anajaribu kuupiga kwa gongo, kisha akimbie kutoka kituo hadi kituo. Mwamuzi anasimama nyuma kabisa ya yule anayedaka. Kila mpira usiopigwa, ni yeye anayesema kama ulipita mahali panapostahili au hapana. Kila mkimbiaji anayefika kituoni, ni mwamuzi anayesema kama amefika salama au ametolewa. Maana yake ni kwamba kila dakika chache anaudhi nusu ya kiwanja.

Siku zile maudhi hayo hayakuwa maneno tu. Watazamaji walitupa chupa. Mwaka 1907, katika mji wa St. Louis, chupa ilimpiga kichwani Billy Evans, mwamuzi kijana wa ligi ile nyingine, ikampasua fuvu. Wachezaji nao walikuwa wakimzunguka mwamuzi, wakimsukuma na kumtukana, na watazamaji wakiona hivyo walizidi kuwaka. Klem aliona jambo moja ambalo wengi hawakuliona: hasira ya watazamaji mara nyingi inawashwa na wale walio ndani ya kiwanja. Ukiweza kumtuliza mchezaji na kocha wake, umewatuliza watu elfu kumi.

Basi akatafuta njia yake. Akishatoa uamuzi, mchezaji akija juu, Klem alimsikiliza kidogo. Kama maneno hayaishi, alichora mstari mchangani kwa ncha ya kiatu, akamwonya asiuvuke, kisha akageuka na kwenda zake. Hakubaki hapo kujibizana. Aliyeuvuka alitolewa nje ya mchezo, awe mchezaji mdogo au nyota wa mji. Muda si mrefu kila mtu aliujua mstari ule. Wengi walifika hapo wakapiga kelele, wakapunga mikono, lakini miguu yao ikabaki ng'ambo.

Jaribu lake kubwa lilikuja mwaka 1908. Timu ya New York na ile ya Chicago zilikuwa zinapigania ubingwa. Tarehe 23 Septemba mchezo wao uliingia katika vurugu: watu walimiminika kiwanjani wakidhani New York imeshinda, lakini waamuzi wa siku ile walisema kwamba kijana mmoja wa New York hakukanyaga kituo alichopaswa kukanyaga, na mchezo ukahesabiwa sare. Ikabidi urudiwe tarehe 8 Oktoba. Safari hii waliopewa kuchezesha ni Klem na mwenzake Jimmy Johnstone.

Kabla ya mchezo, daktari wa timu ya New York aliwafuata na dola 2,500 mkononi ili waipendelee timu yake. Fedha hiyo ilikuwa nyingi sana kwa watu wa kazi yao. Sisi tunajua namna jambo hili linavyofanywa: halisemwi kuwa rushwa, linaitwa matabishi, sukari ya watoto, asante ya mapema. Klem na Johnstone walikataa. Wakaingia kiwanjani, mbele ya watu wa New York waliofurika hadi nje, wakachezesha. Chicago ikashinda 4 kwa 2. Habari ya fedha ile waliipeleka kwa wakubwa wa ligi, na daktari yule akafungiwa milango ya viwanja vyote. Kutoka sura ya 23 inatufundisha kwamba zawadi hupofusha hata macho ya wanaoona vizuri. Klem aliyatunza macho yake.

Kocha wa New York, John McGraw, alikuwa mtu mkali aliyegombana na waamuzi maisha yake yote. Inasimuliwa kwamba alimtishia Klem kuwa atamfukuzisha kazi. Klem akamjibu kwamba kama kazi yake ni ya namna ambayo McGraw anaweza kuiondoa, basi yeye mwenyewe haitaki. Mtu asiyeogopa kupoteza kiti anaweza kuamua kwa haki akiwa amekikalia.

Lakini tusimfanye malaika. Klem alikuwa na donda moja moyoni. Kulikuwa na jina la utani walilomwita, jina la samaki: kambale. Kwa ndugu zetu wa Beni na Butembo Kambale ni jina zuri ambalo mzazi humpa mwanawe, lakini kwake lilikuwa tusi, wakimcheka sura. Aliyelitamka alitolewa kiwanjani. Na kwa kuwa watu walijua kwamba linamchoma, waliendelea kulitumia miaka na miaka. Kinyongo kinaonyesha adui mahali pa kupiga.

Mwaka 1934, katika fainali ya taifa kati ya Detroit na St. Louis, kinyongo kilimshinda. Alikuwa amekosana na mchezaji wa Detroit, Goose Goslin. Baadaye wakakutana hotelini, ndani ya lifti, mchezo ukiwa umekwisha, na Klem akamshukia kwa matusi makali mbele ya watu. Habari ikamfikia Jaji Landis, mkuu wa beisboli yote. Klem akatozwa faini ya dola 50. Lakini faini haikuwa uchungu mkubwa. Mtu aliyekuwa amechezesha fainali 17 hakuitwa tena hadi mwaka 1940, alipopewa ya 18, ambayo ikawa ya mwisho.

Tazameni jambo hili, wapendwa. Chupa za watazamaji hazikumwangusha. Vitisho vya McGraw havikumwangusha. Dola 2,500 hazikumwangusha. Kilichomwangusha ni maneno ya dakika moja katika chumba kidogo kisicho na mchanga wa kuchora mstari. Kiwanjani alichora mstari kwa ajili ya wengine, lakini siku ile hakuchora mmoja kwa ajili yake mwenyewe. Aliibeba kesi ya kiwanjani akaipeleka mahali ilipokuwa haina kazi.

Na sisi ndivyo tunavyoanguka. Mzee anasuluhisha ugomvi wa shamba kwa haki kabisa, kisha Jumapili anamkwepa yule aliyempinga, hampi mkono. Mchungaji anaongoza baraza kwa utulivu, halafu anahubiri akimlenga mtu aliyeketi benchi la tatu. Uamuzi ulikuwa mzuri, lakini watu hawataukumbuka. Watakumbuka lile neno la njiani. Kwa kuwa Paulo anawaonya Waefeso wasilale na hasira, inampasa mwamuzi aliyemaliza kesi aiache palepale alipoimalizia.

Mwisho wa kazi yake Klem alitufundisha tena. Kwa miaka mingi alijivuna kwamba hajawahi kukosea, na baadaye akaeleza kuwa alimaanisha moyoni mwake. Mwaka 1941, akiwa na miaka 67, mkimbiaji mmoja alifika kituoni, akaguswa kwa mpira, na Klem akasema ametolewa. Mchezaji akalalamika kama walivyolalamika wote. Lakini Klem mwenyewe alisimulia kwamba safari hii alidhani tu, hakuwa na hakika. Akaona saa imefika, akaacha kuchezesha. Hakungoja afukuzwe. Ligi ikamweka kuwa mkuu wa waamuzi wake, na kazi hiyo aliifanya hadi alipofariki huko Miami tarehe 16 Septemba 1951. Mwaka 1953 yeye na Tommy Connolly wakawa waamuzi wa kwanza kuingizwa katika jumba la heshima la beisboli.

Mwaka 1949, walipomfanyia sherehe, alisema kwamba beisboli kwake ilikuwa zaidi ya mchezo, ilikuwa dini. Hapo hatuwezi kumfuata, kwa maana dini yetu ni ya Kristo. Lakini nauliza: kama mtu aliweza kuwa mwaminifu namna ile kwa ajili ya mpira na gongo, sisi tuliokabidhiwa amani ya kanisa la Mungu tutajibu nini? Nabii Samweli alipozeeka alisimama mbele ya Israeli, akawauliza ni ng'ombe wa nani alimtwaa na ni kwa mkono wa nani alipokea rushwa. Hakuna aliyeinua kidole.

Bwana atujalie mwisho kama huo. Na kabla ya mwisho, atujalie kuchora mstari mapema, na kuuchora kwanza mbele ya kinywa chetu wenyewe. Amina.