Romain-Desfossés, mwalimu wa Hangar aliyefundisha bila kuuliza mtu diploma

Vijana wengi wanaojua kuchora vizuri wanapenda kufundisha. Lakini wakibisha kwenye mlango wa shule, kitu cha kwanza wanachoulizwa ni karatasi: umesoma wapi, na pédagogie uliifanya? Swali hilo si la leo. Maisha ya Pierre Romain-Desfossés yanatuonyesha pande zake mbili.

Alikuwa Mfaransa, aliyezaliwa mwaka wa 1887. Kazi yake ya zamani ilikuwa jeshi la majini, na pia alikuwa mchoraji. Wakati wa ukoloni akafika Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Mwaka wa 1946 akafungua pale ateliye yake, watu wakaizoea kwa jina la Hangar.

Kwake hapakuwa na mtihani wa kuingia. Bela, mtu wa kabila la Sara kutoka upande wa Chad, alikuwa akimtumikia. Akapewa rangi, akaanza kuchora kwa vidole vyake tu, bila burashi. Pilipili Mulongoy akachora samaki, ndege na nyoka. Mwenze Kibwanga akajaza picha zake kwa mistari mifupi mifupi. Mwalimu hakutaka waige michoro ya Wazungu. Kila mmoja atafute mkono wake mwenyewe. Njo maana hata leo ukiona picha ya Pilipili, huwezi kuichanganya na ya Mwenze.

Lakini njia hiyo imesemwa vibaya pia. Wengine wanaona kwamba kumfungia Mwafrika asione sanaa ya Ulaya ni kumchagulia njia, hata kama ni kwa nia nzuri. Tena kuna jambo lingine: Hangar yote ilisimama juu ya mtu mmoja.

Mwaka wa 1954 Desfossés akafa, na Hangar haikuweza kuendelea peke yake. Bahati nzuri, tangu 1951 mchoraji Mbelgiji Laurent Moonens alikuwa amekwisha kuanzisha Académie des Beaux-Arts katika mji uleule. Wachoraji wa Hangar wakapokelewa kule. Pilipili na Mwenze, ambao hawakupitia shule yoyote ya sanaa, wakawa walimu. Diploma yao ilikuwa kazi ya mikono yao.

Leo mlango huo umekuwa mwembamba. Anayetaka kufundisha kuchora katika shule ya sekondari, mara nyingi anahitaji vitu viwili: masomo ya sanaa, kama yale ya Académie ya Kinshasa, na masomo ya ualimu, kama yale ya ISP. Kujua kuchora ni kitu kimoja. Kumfundisha mtoto asiyejua hata kushika kalamu ni kingine.

Desfossés alionyesha kwamba kipaji hakitoki kwenye karatasi. Lakini kifo chake kilionyesha pia kwamba mwalimu asiye na shule nyuma yake, siku akiondoka, wanafunzi wake wanabaki kutafuta paa lingine.