Emmanuel Kataliko, askofu aliyekataa kununuliwa na kuogopeshwa

Vijana wengi wa hapa Majengo wanaopanda gari kwenda kuchimba Rubaya ao Walikale walizaliwa nyuma ya mwaka 2000. Wanajua vita, maana wamekua ndani yake. Lakini ukiwauliza Kataliko ni nani, wengi watakuambia ni jina la barabara ao la shule fulani. Ndiyo maana leo tunawasimulia maisha yake, na sana sana miaka mitatu ya mwisho, wakati Goma na Bukavu zilikuwa chini ya jeshi la kigeni na kila kilima kilikuwa na bunduki zake.

Emmanuel Kataliko alizaliwa mwaka 1932 Lukole, katika nchi ya Butembo na Beni. Alisomea upadri, akaendelea na masomo Roma, akapewa upadri mwaka 1958. Mwaka 1966, akiwa na miaka 34 tu, Papa Paulo wa 6 alimfanya askofu wa Beni, jimbo ambalo baadaye liliitwa Butembo-Beni. Alikaa pale zaidi ya miaka 30. Watu wa kule hawamkumbuki kwa mahubiri peke yake. Wanamkumbuka kwa kazi ya mikono. Serikali ya Mobutu ilikuwa imeacha barabara zife, na yeye alikuwa anawaambia wakristo kwamba mtu asikae chini kungojea Kinshasa. Alikuwa pia kati ya watu walioanzisha Chuo Kikuu cha Graben pale Butembo mwaka 1989. Wazazi wengi wa Kivu walisomesha watoto wao pale bila kuvuka mpaka.

Mwezi wa kumi 1996 vita ya AFDL na jeshi la Rwanda ilifika Bukavu. Tarehe 29 ya mwezi ule, Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa mjini na askari. Munzihirwa alikuwa amepiga kelele juu ya vita ile, na alikuwa ametetea wakimbizi na raia bila kuuliza kabila. Kiti chake kilibaki kitupu miezi ine. Tarehe 3 mwezi wa tatu 1997, Roma ilimtaja Kataliko kumrizi. Tufikiri kidogo: mtu wa miaka 64, anajulikana na kupendwa kwao, anaambiwa aache nyumba yake aende kukaa katika kiti chenye damu bado haijakauka. Tena alikuwa Munande anayeenda kwa Washi, Warega, Wabembe, Wafuliru, Wahavu, Wanyamulenge. Alikubali, akaenda.

Haukupita muda. Tarehe 2 mwezi wa nane 1998 vita ya pili ilianza. RCD ilizaliwa, makao yake yakawa hapa hapa Goma, na nyuma yake lilikuwa jeshi la Rwanda. Misituni kulikuwa Mai-Mai waliosema wanatetea nchi. Kulikuwa pia Interahamwe na askari wa zamani wa Rwanda waliokimbia huku nyuma ya mauaji ya 1994. Kila kundi lilikuwa na kabila lake la kulitetea na kabila lake la kulichukia. Mkulima na mchimbaji walikuwa katikati.

Mambo ya Kasika yanaonyesha vizuri hali ile. Hatusemi Kasika ya hapa Goma, tunasema Kasika ya Mwenga, Kivu ya Kusini. Mwezi wa nane 1998 Mai-Mai walitega wakubwa wa RCD njiani, wakawaua, kisha wakarudi porini. Kesho yake, tarehe 24, askari walishuka juu ya raia. Paroko na masista waliuawa katika parokia, mwami na watu wa nyumba yake waliuawa, na vijiji vya kando ya barabara viliteketezwa. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ilisema waliokufa walipita 1000. Aliyepiga risasi ya kwanza hakuwa pale kuilipia. Waliolipa ni wamama na watoto. Na haki isimame mahali pake: waliowaua raia ndio wenye kosa la kuua raia. Kataliko alikuwa askofu mkuu wa Bukavu wakati ule.

Tangu hapo hakunyamaza. Lakini tuangalie vizuri alisema nini, maana hapo ndipo watu wengi wanakosea hadisi yake. Barua yake inayojulikana zaidi ni ile ya Noeli ya 1999, iliyoandikwa tarehe 24 mwezi wa 12. Aliandika kwamba nguvu za kigeni zinaendesha vita hii kwa mali ya nchi yetu, na kwamba zinafanya hivyo pamoja na Wakongomani wenzetu. Mali iliyopaswa kusomesha watoto na kuponyesha wagonjwa ilikuwa inanunua silaha za kutuua. Aliandika juu ya kodi nzito zinazotozwa wauzaji wadogo sokoni na kuishia katika mifuko ya watu wachache. Kisha akageukia sisi wenyewe. Alisema tumeanguka mpaka mtu anamtoa ndugu yake kwa noti ya dola 10 ao 20.

Wakubwa wa RCD walikasirika. Walisema anachochea chuki ya makabila. Lakini barua ile haikutaja kabila hata moja kama adui. Ilitaja kazi: kuiba, kutoza, kuuza ndugu, kuua. Na haikumwambia kijana yeyote aingie porini kuchukua bunduki. Ilisema kinyume: wakristo wapinge ubaya bila kutumia njia za ubaya, hata kama itawaletea mateso. Hilo halikuwafurahisha wenye bunduki wa upande wowote. Mwenye kukalia nchi alitaka anyamaze. Mwenye kundi lake msituni angependa abariki panga. Yeye alikataa yote mawili, na alikataa mchana, kwa maandishi, na sahihi yake chini.

Mwisho wa mwezi wa kwanza 2000 watu wa Bukavu walifunga mji. Maduka yalifungwa, soko likanyamaza, wafanyakazi wakabaki nyumbani. Sisi wa sendika tunajua kazi hiyo ni ngumu namna gani, maana mtu anayekula kwa alichopata leo, siku moja bila kazi ni siku moja bila ugali. Walishika siku kadhaa. RCD ilisema Kataliko ndiye yuko nyuma ya mambo yote. Tarehe 12 mwezi wa pili walimzuia kukaa Bukavu, wakampeleka Butembo na kumkataza kurudi.

Walifikiri kumrudisha kwao kutamaliza mambo. Bukavu ilijibu kwa njia yake: mapadri walisimamisha misa kwa muda, shule za kanisa zikafunga milango. Watu waliomba arudishwe, na waliomba bila kuchoma nyumba ya mtu. Butembo nako hakukuwa uhuru. Kule kulikuwa jeshi la Uganda na tawi lingine la RCD. Ni kusema walimtoa katika mikono ya mwenye kukalia mmoja, wakamtia katika mikono ya mwingine. Na hao wawili, waliosema wamekuja kutuokoa, walipigana wao kwa wao Kisangani mwezi wa sita wa mwaka ule ule, siku sita nzima, makombora yakianguka juu ya nyumba za Wakongomani. Raia mamia walikufa katika mji usio wa Rwanda wala wa Uganda.

Kataliko alikaa Butembo miezi saba. Tarehe 14 mwezi wa tisa 2000 RCD ilikubali arudi. Watu walijaa barabarani kumpokea, wakatandika vitambaa na kuimba. Yeye hakutumia siku ile kuomba kisasi. Alirudi kazini. Wiki chache nyuma yake alikwenda Roma kwa mkutano wa maaskofu wa Afrika, na kule, tarehe 4 mwezi wa kumi 2000, moyo wake ulisimama. Alikuwa na miaka 68. Mwili wake ulirudishwa Bukavu, na wengi walioimba kwa kumpokea walirudi barabarani kwa kulia.

Mwezi mmoja tu nyuma ya kifo chake, RCD ilitoa ruhusa ya kuuza koltani yote kwa kampuni moja, SOMIGL, ili kodi iingie mahali pamoja. Ulikuwa wakati bei ya koltani ilipanda ajabu duniani, na vijana waliacha mashamba na shule wakakimbilia mashimo. Mwaka 2001 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika ripoti juu ya wizi wa mali ya Kongo, na walionyesha jinsi madini yanavyolipa vita. Kataliko alikuwa ameisema mbele yao, bila mashine ya kuhesabu, maana alikuwa anasikiliza wauza mboga na wabeba mizigo. Jeshi la Rwanda liliondoka rasmi mwaka 2002. Makundi ya porini hayakuondoka.

Kwa nini tunaandika haya kwa wachimbaji? Ni juu ya hii: katika hesabu ya vita ile mchimbaji hakuwa mtazamaji. Gunia aliloshusha kilimani lilitozwa kizuizi cha kwanza, cha pili na cha tatu. Kizuizi kimoja kilikuwa cha askari wa mji, kingine cha kijana wa kwao mwenye hirizi shingoni, na pesa zote zilinunua risasi. Leo tena kuna anayekuja na kusema ametuletea amani, na kuna anayesema yeye ndiye mtoto wa nchi, basi tumlishe. Sitataja majina, kila msomaji anajua yuko mbele ya kizuizi gani.

Kataliko hakutuachia jeshi. Alituachia maswali mawili yanayoweza kuulizwa shimoni na hata mezani na watoto. Pesa hii inakwenda wapi? Na huyu ninayeambiwa ni adui, amefanya nini yeye mwenyewe, ao ninamchukia juu ya jina la babu yake tu? Anayeuliza maswali hayo hapendwi na mtu yeyote mwenye bunduki. Lakini wakiuliza wengi kwa pamoja, kama Bukavu ya mwanzo wa 2000, hata aliyekalia mji analazimika kufungua mlango. Ilichukua miezi saba, lakini askofu wao alirudi.