Adrien Atiman, Mganga wa Karema

Mto Ruzizi hutoka katika Ziwa Kivu karibu na Bukavu, hushuka kusini mpaka Ziwa Tanganyika. Ng'ambo ya ziwa hilo, upande wa mashariki, katika nchi ya Tanzania, iko misioni ya Karema. Hapo aliishi mganga mmoja aliyesifiwa sana, jina lake Adrien Atiman.

Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866, kando ya mto Niger, si mbali na mji wa Timbuktu, katika nchi inayoitwa leo Mali. Alipokuwa na miaka saba hivi, wakamata watumwa walimnyang'anya kwa wazazi wake. Wakamvusha jangwa la Sahara na kumuuza. Tangu siku ile hakuwa na baba wala mama wa kumtunza.

Mwaka 1876 Mapadre Weupe walimkuta katika nchi ya Aljeria, wakamkomboa kwa fedha. Walimlisha, wakamvika, wakamfundisha. Mwaka 1882 akabatizwa.

Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Mapadre hao, aliona kwamba wagonjwa wa Afrika wanahitaji waganga Waafrika. Kwa hiyo aliwapeleka vijana waliokombolewa katika kisiwa cha Malta, wajifunze uganga. Atiman alisoma huko kwa bidii miaka sita.

Mwaka 1888 alitumwa Ziwa Tanganyika. Alivuka bahari, kisha akafanya safari ndefu pamoja na wapagazi toka pwani hata bara. Mwaka 1889 akafika Karema. Hakuwa na ndugu hapo, wala si nchi ya wazee wake.

Siku zile biashara ya watumwa ilikuwa haijakoma kando ya ziwa. Misioni ilikuwa na watoto wengi waliokombolewa. Wengine walikuwa na vidonda, wengine homa, na hapakuwa na mama wa kukesha nao usiku. Atiman alipowatazama, alijua taabu yao, maana ilikuwa taabu yake mwenyewe. Akawaosha vidonda, akawapa dawa.

Hospitali nyingine ilikuwa mbali sana. Ndui ilipoingia, watu walimwita Atiman. Malale yalipoingia, walimwita Atiman. Dawa za Ulaya zilipopungua, alitumia dawa za miti alizojifunza kwa wenyeji. Hakuona haya kujifunza kwao.

Alimwoa Agnes, binti wa ukoo wa watawala wa Wabende. Mwana wao Joseph akawa padre mwaka 1923.

Atiman angeweza kutafuta kazi mjini na mshahara mkubwa. Lakini alikaa Karema miaka 67, mpaka alipofariki mwaka 1956, naye ni mzee wa miaka 90 hivi.

Mtoto aliyeuzwa kama mbuzi aliwaponya watu wengi. Alipata chakula, dawa na shule kwa watu wasio wa damu yake, akawarudishia wengine. Basi, yatima akiugua kijijini, asiachwe alale peke yake nyumbani. Apelekwe kwa mganga kama watoto wengine. Nani ajuaye kazi ambayo Mungu amemwekea?

Maswali

1. Atiman alikombolewa na nani, na mwaka gani?
2. Kwa nini aliwahurumia watoto wa Karema?
3. Katika kijiji chenu, nani huwapeleka yatima kwa mganga?