Mfahamu kasisi aliyepima presha ya damu kwa mara ya kwanza, akamtumia farasi

Leo ukienda kupima presha, unavishwa mkanda mkononi na ndani ya dakika moja mambo yamekwisha. Kimojawapo cha vipimo vya kwanza kabisa kilimgharimu farasi uhai wake.

Aliyekifanya wala hakuwa daktari. Stephen Hales alikuwa kasisi wa Kianglikana, mzaliwa wa Kent, Uingereza, mwaka 1677. Alisoma Cambridge, na mwaka 1709 akapewa parokia ya Teddington, karibu na London, alikobaki hadi kifo chake mwaka 1761.

Kwamba damu huzunguka mwilini lilishajulikana. William Harvey alilieleza mwaka 1628. Swali lililobaki: moyo unaisukuma kwa nguvu kiasi gani?

Hales alimfunga chali farasi jike wa miaka kama 14, akiwa hai. Akapasua mshipa mkubwa wa paja, akaingiza mrija wa shaba na kuuunganisha na bomba la kioo la futi tisa. Damu ikapanda hadi futi 8 na inchi 3 juu ya usawa wa moyo, yaani kama mita 2.5, ikicheza juu na chini kwa kila pigo.

Kwa vipimo vya sasa hiyo ni zaidi ya milimita 190 za zebaki, kubwa mno kwa farasi aliyetulia. Lakini huyu hakuwa ametulia: maumivu na hofu hupandisha presha.

Kisha Hales akaendelea kumtoa damu kidogo kidogo huku akipima. Kadiri ilivyopungua mwilini ndivyo ilivyoshuka kwenye kioo, mpaka mnyama akafa. Ndiyo sababu majeruhi anayevuja damu nyingi presha yake huporomoka.

Si wote waliofurahia. Mshairi Alexander Pope, jirani na rafiki yake, alichukizwa na majaribio hayo kwa wanyama.

Hales alichapisha matokeo mwaka 1733, na mwaka 1739 akapewa Nishani ya Copley. Alibuni pia mitambo ya kuingiza hewa safi kwenye meli na magereza, watu wasife kwa hewa chafu.

Hata hivyo, njia yake isingefaa hospitalini, maana ilihitaji kupasua mshipa. Ilibidi kusubiri hadi mwaka 1896, Scipione Riva-Rocci wa Italia alipoleta mkanda wa kufunga mkononi.