Ruganzu Ndori, mwami aliyerudi: alikuwa mtoto wa nani?



Siku moja mu klasi, mwalimu wa historia alituomba kila mtu atoe karatasi, aandike jina lake, la baba yake, la babu yake, na kuendelea kupanda mpaka mahali atakwama. Tulicheka, tuliwaza ni kazi nyepesi. Kumbe wengi walikwama kwenye jina la ine. Wawili walifika saba. Mmoja alifika kumi na mbili, na mwenzake akamuuliza kwa sauti: yale ya juu uliyaokota wapi? Klasi ikachafuka kidogo. Munajua sababu: hapa kwetu mambo ya babu si mchezo. Nyuma ya jina la babu kunafuata swali la shamba, na nyuma ya shamba kunafuata swali la nani alitangulia kufika.

Njo maana tuliwaza kuwaandikia maisha ya mtu mmoja anayejulikana sana mu inchi zetu za Maziwa Makubwa, aliyekufa zamani sana, lakini mpaka leo wenye elimu wanabishana juu ya ukoo wake. Ni Mwami Ruganzu Ndori wa Rwanda.

1. MTOTO ALIYEFICHWA

Wazee wa Rwanda walisimulia hivi. Baba ya Ndori alikuwa Mwami Ndahiro Cyamatare, wa ukoo wa Banyiginya. Mama yake aliitwa Nyabacuzi. Wakati Ndahiro alipopata ufalme, ndugu zake wa baba mmoja, Juru na Bamara, hawakukubali. Inchi ikapasuka. Ndahiro aliona hatari inakaribia nyumba yake, basi akamtuma mtoto Ndori mbali, mpaka Karagwe, inchi ambayo leo iko mu Tanzania, magharibi ya ziwa Victoria. Kule shangazi yake Nyabunyana alikuwa bibi ya Mwami Karemera. Mtoto akakomea kwa shangazi.

Nyuma vita ikafika kweli. Banyarwanda waliita Bunyabungo zile inchi za ngambo ya magharibi ya ziwa Kivu, ni kusema upande wetu huu na kushuka kusini. Mwami wa kule, jina lake Nsibura, aliungana na maadui wa Ndahiro. Ndahiro akauawa mu Kingogo, kaskazini-magharibi ya Rwanda. Mama yake na watu wa nyumba yake waliuawa vilevile. Na ngoma ya ufalme, iliyoitwa Rwoga, ikachukuliwa, haikurudi tena. Musisahau kwamba kwa watu wa wakati ule ngoma haikuwa chombo cha kucheza tu. Ngoma njo ilikuwa ufalme wenyewe. Mwami bila ngoma alikuwa sawa mtu wa kawaida.

Wanasimulia kwamba kwa miaka 11 inchi ilikaa bila mwami wa kweli. Mvua ilikataa, ng'ombe hazikuzaa, mashamba yalikauka. Byinshi, mtoto wa Bamara, alikalia kiti, lakini wenye kushika orodha ya bami hawamuhesabu. Jina lake wanaliruka. Hilo mulikamate vizuri, tutalirudilia.

2. MWAMI ANARUDI

Ndori alipokuwa kijana mwenye nguvu, alitoka Karagwe akarudi. Alimuua Byinshi, akachukua jina la Ruganzu, na hadithi inasema mvua ilinyesha. Kwa sababu Rwoga ilipotea, aliweka ngoma mpya, Karinga, na hiyo njo ilikuwa ngoma kubwa ya Rwanda mpaka mwisho wa ufalme.

Alikuwa na kikosi cha askari wakali, Ibisumizi, na mukubwa wao aliitwa Muvunyi, mtoto wa Karema. Pamoja nao alipiga bami wengi wadogo waliokuwa kila mmoja na kilima chake na ngoma yake. Alimuua Mpandahande wa Ruhande, kile kilima ambapo chuo kikuu cha Rwanda kilijengwa, mu muji wa Huye. Na alimuua Nzira, mwami wa Bugara, karibu na maziwa ya Bulera na Ruhondo.

Habari ya Nzira ni tamu. Ruganzu hakumuendea na mikuki waziwazi. Alivaa ngozi ya kondoo kama masikini, akajiita Cyambarantama, ni kusema yule anayevaa kondoo, akaenda kuomba kazi nyumbani kwa Nzira. Akakubaliwa. Alitumika vizuri, akapendwa, akajua siri zote za nyumba. Siku ilipotimia, askari wake wakafika, na yule mtumishi mwema akawa mwami tena. Nzira akafa. Sisi tulicheka sana kusikia habari hii, lakini munaona ni mtu wa namna gani: alijua kuvaa nguo ya mwingine na jina la mwingine, na kuingia nyumba ambayo haikuwa yake.

Mwisho wake ulikuwa karibu na ziwa letu. Wanasema alipigwa mushale mu jicho kule Rusenyi, vilima vya upande wa mashariki ya ziwa Kivu. Mtu akisimama huku Bweremana kwenye maji na kuangalia ngambo, inchi ya kifo cha Ruganzu iko upande ule. Mtoto wake Mutara Semugeshi alikamata ufalme, na tangu pale jina la Ruganzu halikupewa mwami mwingine tena. Lakini watu hawakumsahau. Kule Tare, mu Rulindo, kuko jiwe ambalo wanaliita unyayo wa Ruganzu, na wageni wanapelekwa kulitazama.

3. WAFUAJI WA UKOO

Sasa tuulize: haya yote yalihifadhiwa namna gani, wakati watu hawakujua kuandika?

Mu Rwanda mwami hakutawala peke yake, alitawala pamoja na mama. Nyabacuzi alikuwa amekwisha kufa, basi Ruganzu alipewa mama mwingine wa ufalme, Nyirarumaga, wa ukoo wa Basinga. Huyu mama alikuwa na akili ya ajabu. Wanamuhesabu kuwa njo alianzisha yale mashairi marefu yanayosifu bami wa zamani mmoja kwa mmoja, kila mmoja mahali pake. Basi mwami anarudi kutoka mbali, inchi imevunjika, ngoma imepotea, na kazi moja ya kwanza nyumbani mwake ni kupanga majina ya mababu yasimame mu mustari. Hiyo si bure.

Pembeni ya mashairi kulikuwa orodha yenyewe ya ukoo wa bami, inayoitwa ubucurabwenge. Mu Kinyarwanda gucura ni kufua chuma, na ubwenge ni akili. Ni kusema: akili iliyofuliwa, sawa muhunzi anavyofua jembe. Kulikuwa watu wa kuishika mu kichwa bila kukosa hata jina moja, na ilisemwa wakati wa kuweka mwami mpya.

Tuangalie jambo moja la maana. Ile orodha haikutaja baba tu. Ilitaja kila mwami pamoja na mama yake, na ukoo wa mama: Bega, Bakono, Baha, Basinga, Bazigaba, Bagesera. Na ukoo sawa Basinga, Bazigaba na Bagesera, Banyarwanda wenyewe wanasema waliwakuta juu ya udongo ule. Basi ukipanda kwa upande wa baba, unaona mustari mmoja ulionyooka. Ukipanda kwa upande wa mama, unaona inchi nzima imeingia mu nyumba ya mwami.

4. WENYE ELIMU WANABISHANA

Mmoja wa walioandika mambo haya alikuwa padri Alexis Kagame, aliyezaliwa mwaka wa 1912 na kufa mwaka wa 1981. Alikuwa mtoto wa jamaa iliyoshika siri za ufalme. Kitabu chake juu ya bami, Inganji Karinga, kilianza kutoka mwaka wa 1943. Kagame aliamini orodha ni ya kweli. Alihesabu miaka 33 kwa kila kizazi, na kwa hesabu hiyo Ruganzu Ndori alitawala toka 1510 mpaka 1543.

Wengine walisema miaka 33 ni mingi. Tufanye hesabu kidogo. Kwa vizazi kumi, miaka 33 inaleta 330. Lakini ukihesabu 24 inaleta 240. Tofauti ni miaka 90, ni kusema maisha ya mtu muzima mpaka uzee wake! Hata kupatwa kwa jua hakukumaliza ubishi. Wazee walisema jua lilifichwa wakati Mwami Mibambwe Sentabyo aliposhika ufalme. Kagame akaweka mwaka wa 1741, wengine wakaweka 1792.

Nyuma akaja Jan Vansina, Mubeleji aliyefundisha kwa muda murefu mu Marekani na kufa mwaka wa 2017. Alikusanya hadithi nyingi za Rwanda mbele ya mwaka wa 1962, na mwaka wa 2001 akatoa kitabu kilichoshitusha watu. Yeye alisema Ndori alikuwa mu karne ya 17. Tena alisema Ndori hakuwa mtoto wa Ndahiro hata kidogo. Alikuwa mtu wa nje, mwenye ng'ombe nyingi na askari, aliyekuja kuanzisha ufalme mpya. Wenye kusimulia wakamshona kwenye ukoo wa zamani, aonekane ni mtoto anayerudi nyumbani.

Anatoa sababu gani? Yale tuliyowaambia muyakamate: miaka 11 bila mwami, ngoma ya zamani kupotea, ngoma mpya kuzaliwa, mtoto kukomea mbali mahali hakuna anayemujua, mtawala mmoja kurukwa. Nguo ikipasuka na mtu akaishona, ukigeuza ndani unaona uzi. Wengine hawakubali, wanasema watoto wa bami kufichwa kwa shangazi ni jambo la kawaida. Ubishi haujaisha.

5. TUNAJIFUNZA NINI?

Kwanza, Rwanda haikuwa peke yake. Wafalme wa Bafaranka kule Ulaya walisemwa kuwa uzao wa watu wa Troya. Masultani wa Kilwa walisema babu yao alitoka Shiraz, mu Uajemi. Kila mahali, mwenye kupata kiti kipya anatafuta babu wa zamani.

Pili, na hapa njo tuko na uzito mu roho. Habari hii moja inaweza kuchongwa visu viwili. Mwenye kutaka kusema inchi ni yake peke yake tangu zamani, anakamata orodha ndefu. Mwenye kutaka kufukuza jirani yake, anakamata neno la mtu wa nje. Mu Rwanda neno hilo la ugeni lilitumiwa kuchochea watu mpaka mauaji ya kimbari ya mwaka wa 1994. Na sisi wa Masisi na Walikale, wazazi wetu wanajua mwaka wa 1993 ulileta nini. Hakuna aliyeuawa pale aliyemjua Ndahiro, wala Nsibura, wala Byinshi. Walikufa kwa ajili ya mababu ambao hawakuwaona, na ambao wenye elimu wenyewe hawajakubaliana juu yao.

Tatu, sisi watu wa Biblia tuko na orodha pia. Mutume Paulo alimuonya Timoteo na Tito waachane na mabishano ya vizazi yasiyo na mwisho. Lakini Matayo anaanza kitabu chake na vizazi! Je, wanapingana? Hapana. Angalieni Matayo anaweka nani ndani: Tamari, Rahabu wa Yeriko, Ruti Mumoabu, na yule aliyekuwa bibi ya Uria. Mwandishi mwingine angewaruka, sawa walivyomuruka Byinshi. Matayo aliacha uzi uonekane. Ukoo wa Mwokozi una wageni ndani, na hawakufichwa.

Turudi kwenye ile karatasi ya klasi. Yule wa majina kumi na mbili hatujui kama yote ni ya kweli, na yeye mwenyewe kisha alisema alifundishwa tu na babu yake jioni kando ya moto. Hiyo ni mali, aishike. Lakini kulikuwa dada mmoja nyuma ya klasi aliyekwama kwa jina la ine kama sisi wengine. Alipoona amekwama, aligeuza karatasi, akaandika mama, mama ya mama, na mahali kila mmoja alitoka kuolewa. Ilikuwa majina matano tu. Yalitoka Ijwi, Minova, Walikale, na mawili hapa hapa Bweremana. Mwalimu aliisoma kwa sauti, na hakuna aliyeuliza aliyaokota wapi.

Wandugu, wakati wa likizo muulize wazazi wenu majina. Muyaandike. Lakini mugeuze karatasi pande zote mbili.