Mwenye Nguvu Mpishe: Maisha ya Jigoro Kano

Nilipokuja kututembelea shule yetu siku ya wanafunzi wa zamani, vijana wa kidato cha tatu walinizunguka chini ya mwembe wakaniuliza swali. Mwenzao mmoja alikuwa amenyang'anywa simu na nauli barabarani jioni, akapigwa hata akashonwa mdomo nyuzi nne. Basi walitaka kujua ni mchezo upi wa kupigana unaomfaa mtu apate kujilinda kweli: ngumi, karate, mieleka, judo, au ule wanaouona katika filamu za Kichina. Siku ile sikuwajibu vyema, maana kengele ya chakula ililia. Leo nawajibu kwa kuwasimulia maisha ya mtu aliyelitafuta jibu hilo hilo tangu alipokuwa na umri wao.

Lakini kwanza niwaeleze kosa langu. Nilipokuwa kidato cha pili niliwaogopa sana wavulana wakubwa, nikamwendea mtu mmoja mjini aliyejisifu kwamba anajua mapigo ya kuua. Alitufundisha kutoboa macho, kuponda koo na kuvunja shingo. Kwa kuwa mambo hayo hayawezi kujaribiwa kwa mwenzako, tulipiga hewa tu, na yule niliyepangwa naye alisimama kama mgomba akingoja nimalize. Tulifanya hivyo miezi mitano, nami nikajiona shujaa. Hata jioni moja watu wawili wakanikamata kwa nyuma karibu na kituo cha mabasi, nami nina karo ya muhula mfukoni. Mapigo yote niliyofundishwa yalinitoka kichwani. Karo ikaenda, na jino moja likaenda. Fedha ile baba yangu aliipata kwa kuuza ng'ombe wake wa maziwa. Hakunikemea, ila muhula ule nilikaa nyumbani.

Katika majuma yale jirani yetu mmoja aliniazima kitabu kilichokuwa na habari za maisha ya Jigoro Kano, mwanzilishi wa judo. Nilikisoma mara tatu, na tangu hapo nimesoma mengi mengine juu yake. Habari zake ni hizi.

Kano alizaliwa mwaka 1860 huko Mikage, karibu na Kobe, katika nchi ya Japani. Jamaa zake walikuwa watengenezaji mashuhuri wa pombe ya mchele, na baba yake alifanya kazi za serikali katika mambo ya meli. Mama yake alifariki Kano akiwa bado mtoto, naye akapelekwa Tokyo kusoma. Mwaka 1874 aliingia shule ya bweni iliyofundisha kwa Kiingereza na Kijerumani. Darasani alikuwa hodari, lakini mwili wake ulikuwa mdogo. Hata alipokuwa mtu mzima urefu wake ulikuwa kama sentimita 157 tu, na katika ujana wake uzito haukufika kilo 50. Wenzake wenye misuli walimwonea na kumpiga, wala akili yake ya masomo haikumsaidia kitu.

Kano alikuwa amesikia kwamba iko elimu ya zamani iitwayo jujutsu, ambayo kwayo mtu mdogo huweza kumshinda mkubwa. Akawaomba watu wazima walioijua wamfundishe, nao wakakataa. Baba yake pia aliona kwamba hayo ni mambo ya kale yasiyo na faida. Na kweli zama zilikuwa zimebadilika. Mwaka 1868 utawala wa zamani uliondoka, serikali mpya ikaanza kufuata mambo ya Ulaya, na mwaka 1876 samurai, yaani askari wa jadi, walikatazwa kuchukua panga zao hadharani. Walimu wa jujutsu wakakosa wanafunzi. Wengi walijipatia riziki kwa kuunga mifupa, kazi waliyoijua kwa sababu ya ajali za mazoezi yao.

Kijana Kano akatumia akili. Alipoingia Chuo Kikuu cha Tokyo mwaka 1877, alianza kutafuta waunga mifupa mjini, akiuliza kila mmoja kama anajua jujutsu. Kwa njia hiyo alimpata Fukuda Hachinosuke, mwalimu wa mtindo wa Tenjin Shinyo. Fukuda hakuwa mtu wa maneno mengi. Kano alipomwuliza jinsi mtego fulani unavyofanya kazi, mwalimu alimbwaga chini. Akauliza tena, akabwagwa tena, mpaka akafahamu kwa mgongo wake. Mwili wake ulijaa michubuko na harufu ya dawa za kuchua, lakini hakuacha.

Palikuwa na mwanafunzi mwenzake mmoja, jitu la nguvu, ambaye Kano hakuweza kumshinda kabisa. Akajaribu mbinu za sumo, mieleka ya Kijapani, hazikufaa. Ndipo alipokwenda maktaba akasoma kitabu cha mieleka ya Ulaya, akaona namna ya kumwinua mtu na kumbeba mabegani. Akaifanyia mazoezi, kisha akambwaga yule bwana mkubwa. Angalieni jambo hili, wadogo zangu: hakuuliza mbinu ile imetoka kwa nani, wala kama ni ya heshima katika mtindo wake. Aliuliza tu kama inafanya kazi mbele ya mtu asiyetaka kuanguka.

Fukuda alifariki mwaka 1879. Kano akasoma kwa mwalimu Iso, naye huyo akafariki mwaka 1881. Kisha akamwendea Iikubo Tsunetoshi wa mtindo wa Kito. Kwa walimu wale wa kwanza alikuwa amejifunza kupiga, kukaba na kumbana mtu akiwa chini. Kwa Iikubo alijifunza kubwaga. Akatambua kwamba kila mtindo una kitu na kila mtindo una upungufu, na kwamba anayeapa kuufuata mmoja tu hujifunga kamba mwenyewe.

Mwaka 1882, akiwa na umri wa miaka 21 tu, alifungua shule yake katika hekalu la Eishoji mjini Tokyo, akaiita Kodokan. Ukumbi ulienea mikeka 12, na wanafunzi wa mwaka ule wa kwanza walikuwa 9. Mafundisho yake aliyaita judo, maana yake njia ya ulaini, au njia ya kupisha.

Neno hilo wengi hulielewa vibaya. Kano alilifafanua kwa hesabu. Tuseme mtu ana nguvu 10, nami nina 7. Akinisukuma nami nikimpinga kwa nguvu zangu zote, nitashindwa. Lakini nikimpisha kwa kadiri ile ile anayosukuma, huku nikisimama imara, yeye atayumba mbele, na nguvu zake zitapungua hata labda 3. Hapo ndipo 7 zangu zinapotosha, na hata nusu yake ingetosha. Wazee wetu walisema mwenye nguvu mpishe, nasi tukadhani ni shauri la waoga. Kwa Kano kumpisha mwenye nguvu ndio mwanzo wa kumwangusha.

Lakini jambo kubwa alilofanya ni jingine, nalo ndilo jibu la swali lenu. Kano alizichambua mbinu zote alizojua, akazigawa mafungu mawili. Zile za kuvunja viungo ovyo na kupiga mahali pa hatari alizihifadhi katika mazoezi ya kupangwa, ambamo kila mmoja anajua mwenzake atafanya nini. Zile ambazo watu wawili wanaweza kujaribiana kwa nguvu zao zote bila kuumizana vibaya aliziweka katika mapambano huru ya kila siku. Tena aliwafundisha wanafunzi kwanza kuanguka, ndipo waangushane.

Mtu atasema kwamba aliidhoofisha silaha yake. Sivyo. Kijana aliyejifunza pigo la kuua lakini hajapata kulijaribu kwa mtu anayepinga, hana pigo, ana hadithi. Na kijana aliyembwaga mwenzake mara elfu, naye akabwagwa mara elfu, mwili wake umekwisha zoea kushikwa, kuvutwa na kukosa pumzi, wala hautagutuka siku ya msiba. Katikati ya miaka ya 1880 vijana wa Kodokan walipambana na watu wa mitindo mingine ya jujutsu mbele ya polisi wa Tokyo, wakashinda mapambano mengi, na polisi wakaanza kuwachukua walimu wa judo. Niliposoma habari hizo nilimkumbuka yule mwenzangu aliyesimama kama mgomba, nikafahamu karo ya baba ilipotea kwa nini.

Wala Kano hakudhani kwamba amemaliza elimu yote. Mwaka 1922 alimkaribisha Funakoshi Gichin wa Okinawa aonyeshe karate katika ukumbi wa Kodokan. Mwaka 1930 alikwenda kumtazama Ueshiba Morihei, mwanzilishi wa aikido, kisha akawatuma baadhi ya wanafunzi wake wakajifunze kwake. Kumbukeni alikuwa mzee wa miaka kama 70, mwenye sifa katika dunia nzima, naye bado alitafuta. Na baada ya kufa kwake, mwaka 1956, Kodokan ilitoa mpangilio maalumu wa kujilinda na mtu asiye na silaha, na mwenye kisu, fimbo au bastola.

Kazi yake ya kila siku ilikuwa ualimu. Kwa miaka mingi alikuwa mkuu wa chuo cha juu cha kufundishia walimu mjini Tokyo, na aliendesha pia shule ya vijana kutoka Uchina. Mwaka 1893 alianza kumfundisha judo mwanamke, wakati ambapo wengi waliona jambo hilo ni aibu. Mwaka 1909 aliingia katika Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, akiwa mtu wa kwanza kutoka Asia. Aliwafundisha wanafunzi wake mambo mawili: kutumia nguvu zao kwa namna iliyo bora kabisa, na kusitawi pamoja na wenzao. Asiyejali ustawi wa mwenzake ukumbini humvunja mkono, na kesho hana wa kufanya naye mazoezi.

Mwaka 1936 mji wa Tokyo ulipewa Michezo ya Olimpiki ya 1940, na Kano alikuwa miongoni mwa waliojitahidi sana kuipata. Mwaka uliofuata vita kati ya Japani na Uchina vilizuka. Mwaka 1938 alihudhuria mkutano wa Kamati mjini Cairo, na akiwa njiani kurudi, ndani ya meli Hikawa Maru, alishikwa na ugonjwa wa mapafu akafariki tarehe 4 Mei, umri wake miaka 77. Miezi michache baadaye Japani iliiachilia michezo ile. Tokyo ilipoipata tena mwaka 1964, judo ilikuwamo kwa mara ya kwanza, na katika uzito wa wazi alishinda Mholanzi, Anton Geesink, mbele ya Wajapani wenyewe. Wengi walilia. Mimi nadhani mzee Kano angefurahi, maana ilithibitika kwamba elimu yake ni ya watu wote.

Sasa jibu langu. Msichague mchezo kwa jina lake wala kwa filamu. Nendeni mkatazame mazoezi, mjiulize mambo matatu. La kwanza, je, wanafunzi wanapambana kweli na mtu anayepinga, au wanapiga hewa? La pili, je, wanarudi nyumbani wazima, wapate kuja tena kesho? La tatu, je, mwalimu hukubali kujifunza kwa wengine, na huwaambia wanafunzi wake wakati wa kukimbia? Ngumi zikifundishwa hivyo zinafaa; mieleka inafaa; judo inafaa. Wala hakuna mchezo uliotimia. Mwana judo asiyepata kupigwa ngumi atashangaa siku ya kwanza, na bondia akikumbatiwa na kuangushwa atashangaa vile vile.

Mimi nilijiunga na judo nilipofika chuoni, nikaifanya miaka tisa. Mnaweza kuuliza nimembwaga mwizi wangapi. Hata mmoja. Miaka michache iliyopita kijana mmoja alinisimamisha usiku, kisu mkononi, mkono wenyewe unatetemeka. Nilimpa simu. Nilijua kuanguka, kubwaga na kukaba. Na kwa kuwa nilijua, sikuwa na haja ya kujionyesha. Nilijua pia, kwa miaka tisa ya kujaribu, jinsi ilivyo vigumu kuushika mkono wa mtu asiyetaka ushikwe, sembuse wenye kisu. Simu nilinunua nyingine. Nilifika nyumbani, nikawakuta watoto wangu wamelala, nikala chakula changu kimepoa.

Wenzangu kadhaa walinicheka waliposikia. Baba yangu hakucheka. Aliniambia kwamba safari hii elimu imelipa deni la ng'ombe wake.